Mlango wa Ibada na Mlango wa Kilabu

Liko jambo linalonenwa sana mimbarini na madhabahuni, linalonenwa kidogo katika mikutano yetu ya hadhara, na lisilonenwa kabisa pale linapotendeka. Jambo hilo ni pombe na tumbaku. Wiki hii sisi twataka kulinena waziwazi. Tumeona ya kuwa watu wa Mwanza na wa pwani yote ya Ziwa Victoria wameliacha mikononi mwa masheikh, mapadre na wachungaji peke yao, kana kwamba si jambo la taifa. Tena tumeona ya kuwa viongozi wa dini, wengi wao, wameliacha mlangoni: mlevi akishatolewa nje ya mlango wa ibada, huhesabiwa kwamba kazi imekwisha.

Hatusemi haya kwa kutaka kugombanisha dini na dini. Chama cha wananchi hakina msikiti wala kanisa, na wanachama wake ni wa kila imani. Wala hatusemi kama watakatifu. Miongoni mwetu sisi tunaotoa gazeti hili wamo wanaovuta, wamo wanaokunywa, na wamo walioacha. Twasema kwa sababu fedha inayopotea ni ya wananchi, afya inayopotea ni ya wananchi, na kijana anayepotea ni wetu.

MWEZI UKIPEVUKA

Twende kwanza mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa kama inavyotakiwa, na mitumbwi hukaa ufukweni kwa siku kadhaa. Hizo ndizo siku za mgawo. Tajiri huondoa gharama zake za mafuta, nyavu na chakula, kisha wavuvi hugawana kilichobaki. Basi kijana aliyekesha majini usiku baada ya usiku hujikuta ana fedha mkononi, hana kazi ya kufanya, na yuko mbali na mama yake, mke wake na wazee wake.

Aende wapi? Katika kambi nyingi za visiwani hakuna benki, hakuna maktaba, hakuna hata uwanja wa mpira ulio sawa. Kuna kilabu cha pombe. Kuna baa yenye muziki. Kuna duka linalouza sigara moja moja, ili hata asiye na fedha ya pakiti asikose. Gongo nalo halikosekani kwa anayejua mlango wa kugonga. Siku za giza zinaporudi, kijana yule hurudi majini akiwa na deni kwa tajiri, na mgawo wa mwezi unaofuata umekwisha kuliwa kabla haujapatikana.

Yeyote aliyekaa Ukerewe, Kome au katika mialo ya Sengerema na Magu ameyaona haya kwa macho yake. Hata mjini Mwanza, pale Mwaloni Kirumba ambapo dagaa na samaki wa ziwa zima huteremshwa na kuuzwa, si vigumu kumwona mchukuzi aliyebeba magunia tangu alfajiri akimaliza ujira wake kabla ya jua kuzama. Mtu huyo si mvivu. Amefanya kazi ya watu wawili. Lakini jasho lake halikufika nyumbani.

DINI ZILIVYOINGIA ZIWANI

Sasa tuulize: dini zimefanya nini katika jambo hili? Jibu la haki ni kwamba zimefanya mengi, na kila moja kwa njia yake.

Kabla ya dini za vitabu kufika, pombe ilikuwa na mahali pake katika ibada za wazee. Msukuma alipotaka kuwakumbuka masamva, yaani wahenga wa ukoo wake, pombe kidogo ilimwagwa chini kwa ajili yao. Ilinywewa katika harusi, katika matambiko na baada ya kazi ya kulimiana mashamba. Ugoro na kiko vilikuwa vitu vya wazee. Hatusemi kwamba zamani hakukuwa na walevi; walikuwapo. Lakini pombe ya mtama huchukua siku kadhaa kutengenezwa, nayo huharibika upesi, hivyo haikuweza kuwako mezani kila siku ya Mungu. Tena mzee alikuwa ndiye mwenye mtungi, na kijana alikunywa alipopewa. Chupa ya leo haina mzee. Aliye na fedha ndiye mwenye kunywa, hata awe na miaka 15.

Wamisionari wa Kikatoliki walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Wakatoliki hutumia divai katika Misa, na kanisa lao halikuharimisha pombe. Lilichokataza ni ulevi. Misheni ya Afrika Inland iliichukua misheni ya Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, na kanisa lililozaliwa huko, ambalo leo lina waumini wengi sana Usukumani, lilifuata njia nyingine: muumini asinywe na asivute kabisa. Waadventista wa Sabato, waliofika upande wa mashariki wa ziwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huwataka wanaobatizwa waahidi kuacha pombe na tumbaku. Wamenoni walijenga Shirati mwaka 1934. Na katika miaka ya 1930 uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Bukoba, na watu waliookoka wakasimama mbele ya wenzao kuungama, wakaacha pombe hadharani.

Waislamu nao wana sheria inayojulikana na kila mtu, hata asiyesali. Lakini wachache hukumbuka jinsi sheria hiyo ilivyokuja. Ulevi haukukatazwa kwa siku moja. Kwanza watu walifunzwa ya kuwa madhara yake yazidi manufaa yake. Kisha wakaambiwa wasiikaribie sala hali wamelewa. Mwisho wakaamriwa kuuacha. Mtu anayetakiwa kusali mara 5 kwa siku akili zake zikiwa timamu, atapata wapi nafasi ya kulewa? Hapa mna hekima kubwa ya malezi, nasi tutairudia.

Tumbaku ina habari yake peke yake. Mmea huu ulitoka Amerika, nao haukujulikana katika nchi za Mashariki wala za Ulaya mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo hautajwi katika Biblia wala katika Qurani, na hapo ndipo wavutaji wa dini zote hujifichia. Wanazuoni wa Kiislamu wamebishana juu yake kwa karne nyingi, wengine wakisema ni makuruhu, wengine wakisema ni haramu kwa kuwa mtu haruhusiwi kujidhuru nafsi yake. Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku mwaka 1633 na akawaua waliokaidi. Sultani alikufa mwaka 1640, na Waturuki wangali wakivuta. Upanga haukuweza.

SHERIA PEKE YAKE HAIKUTOSHA

Upanga haukuweza, na karatasi ya sheria nayo haikuweza peke yake. Marekani ilikataza pombe katika nchi nzima tangu mwaka 1920, kwa kushikiliwa sana na watu wa makanisa. Mwaka 1933 ikaiondoa sheria hiyo, baada ya majambazi kutajirika kwa kuuza pombe ya magendo.

Hapa kwetu wakoloni walikuwa na namna yao. Mataifa ya Ulaya yalipatana Brussels mwaka 1890 kuzuia vinywaji vikali visiuzwe kwa watu wa Afrika ya kati, huku wenyewe wakivinywa katika vilabu vyao vilivyotufungia milango. Mwafrika hakuzuiwa kwa kupendwa. Alizuiwa kwa kudharauliwa, kana kwamba ni mtoto. Na pombe yake ya kienyeji iliwekewa leseni, ikawa chanzo cha mapato. Ndiyo maana wazee wetu wengine, uhuru ulipokuja, waliona kwamba kunywa bia ya chupa ni sehemu ya heshima ya mtu huru. Twawaelewa. Lakini miaka zaidi ya 60 imepita tangu mwaka 1961, na mtu huru hahitaji tena chupa kumshuhudia.

Serikali yetu yenyewe ilitunga sheria. Tangu mwaka 1966 iko sheria inayokataza kutengeneza gongo bila leseni. Iko sheria ya vileo ya mwaka 1968, inayohusu leseni na saa za kuuza. Iko sheria ya tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vilipigwa marufuku, na hilo lilikuwa jambo jema sana, kwa maana kiroba kiliingia hata katika mfuko wa sare ya shule. Lakini ni nani asiyejua ya kuwa gongo lingaliko? Ni nani asiyejua baa inayofunguliwa asubuhi?

Basi hapa ndipo twaona nguvu ya dini. Mwadventista wa Majita anayekataa sigara hamwogopi askari. Mwislamu wa Mwanza anayepita mbele ya baa bila kugeuza uso hamwogopi hakimu. Wameacha kwa hiari yao, tena wana wenzao wanaowatazamia waendelee kuacha. Serikali haijapata kuwa na askari wa namna hiyo.

KINACHOMSAIDIA MTU NI WENZAKE

Lakini tusiseme upesi ya kuwa mahali penye ibada nyingi hapana ulevi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwahusu vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa miwili, Mwanza na Kilimanjaro. Ulionyesha kwamba wavulana hunywa kuliko wasichana, na kwamba Kilimanjaro ilizidi Mwanza. Sasa, Kilimanjaro haina uhaba wa makanisa. Ni moja ya sehemu za nchi hii zilizopata misheni na shule mapema kabisa. Lakini ina mbege pia, na mbege ni jambo la ukoo, la posa na la mapatano. Sisi twajifunza hapo ya kuwa idadi ya minara ya kanisa haipunguzi idadi ya vikombe. Kinachopunguza ni lile linalofundishwa, na ni nani anayeketi na kijana jioni.

Tutoe mfano mwingine, wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 16 vya Kanda ya Ziwa juu ya tohara ya wanaume, ambayo hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa UKIMWI. Katika baadhi ya vijiji hivyo, viongozi wa makanisa walifundishwa kwanza habari za jambo hilo kwa tiba na kwa maandiko, ndipo wakaenda kusema na watu wao. Katika vijiji hivyo wanaume karibu 53 katika kila 100 walitahiriwa. Katika vijiji ambavyo viongozi wa makanisa hawakufundishwa, ilikuwa karibu 30 katika kila 100. Madaktari walikuwa wale wale, huduma ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa mchungaji aliyejua anachosema.

Nguvu hiyo ingeweza kutumika juu ya pombe na tumbaku. Lakini mahubiri mengi tunayoyasikia husema tu, acheni, mtaungua motoni. Hayasemi ya kuwa duniani watu zaidi ya milioni 7 hufa kila mwaka kwa tumbaku, na ya kuwa mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2 na laki 6. Hayasemi ya kuwa mwenye kifua kikuu anayevuta na kulewa hupona kwa shida. Wala hayasemi jambo la kutia moyo, nalo ni hili: katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018, Watanzania watu wazima waliotumia tumbaku hawakufika 10 katika kila 100. Wanaume walikuwa karibu 15, wanawake 3. Maana yake kijana anayeambiwa ati kila mwanamume huvuta, anadanganywa. Wasiovuta ndio wengi.

Na tutazame Ramadhani. Katika mwezi huo mvutaji Mwislamu wa Mwanza hukaa zaidi ya saa 13 kila siku bila sigara, akiwa kazini, akiwa na njaa na kiu. Ajabu ni kwamba jua likizama wengine huifuata tende kwa sigara. Twawauliza ndugu hao bila kejeli: aliyeweza saa 13 kwa siku 29 au 30, kwa nini aambiwe hawezi? Ameweza kwa sababu mtaa mzima ulikuwa pamoja naye. Mwezi ukiisha, mtaa humwacha peke yake na pakiti yake. Kwaresima nayo ni hivyo hivyo kwa Mkristo anayejinyima bia siku 40, kisha Jumatatu ya Pasaka akazilipa zote kwa jioni moja.

MAMA MPIKA POMBE

Sasa tuseme kosa tunaloliona. Katika makanisa mengi anayekunywa hutengwa. Hatuingilii sheria za kanisa lolote. Lakini twaona kinachofuata: mtu akitengwa, hukosa wenzake wa Jumapili, na wenzake wa kilabu humpokea siku hiyo hiyo. Kilabu hakimtengi mtu. Na yule asiyetaka kutengwa hujifunza kunywa kwa siri. Huenda mji wa pili, hutafuna karafuu, hurudi usiku. Hawezi kuomba msaada, maana kuomba msaada ni kujishtaki. Anakufa kwa ini lililooza, na mazishini hutajwa ugonjwa mwingine.

Zaidi ya huyo yuko mama mpika pombe. Mama huyu katika vitongoji vya Mwanza na katika kambi za wavuvi mara nyingi ni mjane au ameachwa. Hana mtumbwi, hana shamba. Ana debe, ana kuni, ana watoto. Pombe ndiyo ada yao, daftari zao na viatu vyao. Akienda kanisani huketi nyuma, au haendi. Akitoa sadaka hupokelewa. Akitaka meza ya Bwana hukataliwa. Je, fedha yake ni safi kuliko yeye mwenyewe?

Sisi wa chama hatuwezi kumdharau mama huyu. TANU ilipokuwa changa, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed aliwaendea Dar es Salaam akina mama wa vikundi vya ngoma na wapika pombe, akawaomba waingie katika chama, nao wakaingia kwa mamia, wakati wanaume wenye kazi za serikali waliogopa. Kazi ya kuuza pombe iliwapa fedha yao wenyewe na ujasiri wao wenyewe. Huku kwetu Jimbo la Ziwa, TANU ilizuiwa na wakoloni tangu mwaka 1954 hadi 1958. Chama kilipofungiwa milango hivyo, wananchi wa hali ya chini ndio waliobeba uhuru huu. Kwa hiyo mtu atakayetaka kumwondoa mama huyu penye mtungi, amwonyeshe kwanza pengine pa kusimama.

NA SISI JE?

Tusiwanyoshee kidole viongozi wa dini huku mikono yetu inanuka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua hisa kubwa katika kampuni za bia na kampuni ya sigara. Kwa miaka mingi taifa lenyewe likawa muuza bia na muuza sigara. Hisa hizo kubwa ziliuzwa kwa makampuni ya kigeni, za bia mwaka 1993 na za sigara mwaka 1995, lakini hazina ya taifa haijaacha kuvitegemea vitu hivi. Kila mwezi Juni bajeti inaposomwa, wananchi hungoja kusikia bia na sigara zimepandishwa kiasi gani. Kodi hiyo hujenga barabara na zahanati, hatukatai. Lakini haifai taifa likaombea watu wake wanywe ili lipate dawa ya kuwatibu.

Mjini Mwanza vimo viwanda vya bia, na vijana wetu wamepata kazi humo. Jirani zetu wa Tabora na Kahama hulima tumbaku, na kila mwaka huingoja bei ya mnunuzi. Hatuwaiti wafanyakazi na wakulima hao wenye dhambi. Twasema tu kwamba serikali inayomhimiza mkulima alime tumbaku ina wajibu wa kumtafutia zao lingine la kumlisha, kwa kuwa duniani wavutaji wanazidi kupungua.

Lakini aibu yetu kubwa zaidi ni ya wakati wa uchaguzi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka ya kuwa takrima ni kinyume cha Katiba. Jina limekufa, je, tabia imekufa? Ni nani kati yetu hajaona madebe ya pombe yakifika kijijini siku moja kabla ya mkutano? Ni nani hajaona vijana wakigawiwa sigara wapige makofi? Anayempa mwananchi pombe ili apate kura yake humtaka awe mlevi kwa siku 1 na maskini kwa miaka 5. Mkoloni aliwaona wazee wetu ni watoto. Mgombea huyu naye awaona hivyo hivyo.

LINALOTUPASA

Basi twasema nini kifanyike?

Kwanza, viongozi wa dini wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Magu, Musoma na Bukoba wakutane pamoja na waganga wa hospitali zetu, waelezwe habari za pombe na tumbaku kama zilivyo, kisha waende kusema. Hawana haja ya kukubaliana juu ya divai. Wote wanakubaliana juu ya ulevi, na hilo latosha kuanzia.

Pili, waige ile njia ya hatua kwa hatua. Mtu aliyelewa kila siku akileweka mara moja kwa juma, asiitwe mwongo. Aitwe mtu aliye njiani. Kila msikiti na kila kanisa liwe na watu watatu au wanne, walioacha wenyewe, ambao mlevi aweza kuwaendea usiku bila kuogopa kutangazwa asubuhi.

Tatu, siku za mbalamwezi ziwe na kazi yake. Katika kila mwalo ziwekwe siku hizo michezo, ngoma, madarasa ya watu wazima, na zaidi ya yote chama cha kuweka na kukopa kinachopokea fedha siku ile ile ya mgawo. Wazee wa Bujora wanajua jambo hili. Padre David Clement alipoona vijana wa Kisukuma wanapenda ngoma, hakuwafukuza. Aliiingiza ngoma katika sikukuu ya kanisa, na Bulabo huchezwa hadi leo, Bagika na Bagalu wakishindana mchana kweupe mbele ya wazee na watoto. Kijana hutafuta wenzake. Asiyempa wenzake wa mchana asimlaumu anapowapata wa usiku.

Nne, mikopo ya halmashauri iliyotengwa kwa ajili ya akina mama iwafikie kwanza wapika pombe walio tayari kubadili kazi. Wako wanaoweza kukausha dagaa vizuri, kufuga kuku, kuuza chakula. Lakini mtaji wa kwanza hawana, na hakuna mtu aliyewahi kulipa ada ya shule kwa mahubiri.

Tano, saa za baa zifuatwe, na anayemwuzia mtoto sigara ashtakiwe. Balozi wa shina analijua kila duka katika nyumba zake. Asiseme hajui.

Sita, mwanachama yeyote atakayegawa pombe kutafuta kura, hata kama ni mheshimiwa, asipitishwe. Na tusimamishe mikutano yetu mahali pasipo kilabu, ili wake zetu na watoto wetu waweze kuhudhuria.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji watu wanaokubali kukaa na mtu aliyeanguka. Uhuru haukuletwa na watu wasiokunywa peke yao, wala na wanaokunywa peke yao. Ulipatikana kwa sababu kila mtu aliitwa, naye akaja na alichonacho. Mvuvi wa kambini, mchukuzi wa Kirumba na mama mwenye debe wangali wananchi. Tuwaite tena, safari hii kabla mwezi haujapevuka.

Uhuru na Kazi.